Prosesa ya Seva ya Minecraft Inapolemewa: Anzia Hapa Kabla Hujalipia Mashine Kubwa

Swali ni lile lile, maneno tu ndiyo hubadilika: "Seva yangu ya Minecraft iko kwenye Linux, prosesa imefika asilimia 100, wachezaji wanalalamika. Nihamie VPS kubwa zaidi?" Wengi wanaouliza ni vijana wanaochangishana ada ya kila mwezi. Kwao jibu la haraka la "ongeza mashine" ni jibu la gharama, na mara nyingi si jibu sahihi. Unaweza kutoka kwenye viini vinne vya prosesa ukahamia vinane, na seva ikaganda saa ile ile ya jioni, kwa namna ile ile.

Nitazungumzia Minecraft ya Java inayoendeshwa kwa Paper, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Wenye Counter-Strike ya zamani nimewawekea sehemu fupi huko mbele. Nachukulia kwamba unaweza kuingia kwenye mashine kwa SSH na kuhariri faili la maandishi. Kabla ya kugusa chochote, zima seva na unakili folda yake nzima mahali pengine. Usiiruke hatua hiyo.

## Hakikisha kweli ni prosesa

Mchezaji akisema "inakwama" anaweza kuwa na matatizo matatu tofauti.

- Analalamika peke yake, wenzake wanacheza vizuri. Hiyo ni intaneti yake. Seva ikiwa Frankfurt na mchezaji akiwa Mwanza, umbali wenyewe unakula muda, na hakuna mpangilio wa prosesa utakaoufupisha.
- Picha inakatikakatika lakini gumzo linafika papo hapo. Ni kompyuta yake.
- Wote kwa pamoja: bloku iliyovunjwa inarudi, ng'ombe wanasimama tuli kisha wanaruka hatua kadhaa, milango inachelewa kufunguka. Hapo ndipo seva inahusika.

Sasa pima. Minecraft huendesha dunia yake kwa hatua 20 kila sekunde, na kila hatua huitwa tiki. Maana yake kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi zote: wanyama, maji yanayotiririka, mazao, mitambo ya redstone, kila kitu. Andika `/mspt` kwenye konsoli ya Paper nayo itakuambia tiki moja inachukua milisekunde ngapi. Ikiwa 25, umetumia nusu ya muda ulio nao. Ikivuka 50, seva haiwezi tena kufikisha tiki 20, na `/tps`, yaani tiki kwa sekunde, itaonyesha 18, 14, 9. Kwenye logi utaanza kukutana na mstari `Can't keep up! Is the server overloaded?`

"Lakini `top` inaonyesha asilimia 130!" Usishtuke. Kwenye `top`, asilimia 100 ni kiini kimoja kilichojaa. Mashine ya viini vinne hujaa ikifika 400. Kama `/mspt` iko 20 na wachezaji wametulia, huna tatizo la kutatua, hata kama namba ya `top` inatisha.

## Soma `top` mstari kwa mstari

Fungua `top`, bonyeza `1` ili kila kiini kionekane peke yake, kisha angalia herufi hizi:

- us: kazi ya programu zenyewe. Kwenye seva ya mchezo, hapa ndipo namba kubwa inapotarajiwa.
- wa: prosesa imekaa bure ikisubiri diski. Ikiwa juu, ugonjwa ni diski, wala prosesa haina kosa.
- st: muda ulioporwa. Mashine yako ilitaka kufanya kazi, lakini kompyuta kubwa inayoibeba ikampa zamu mteja mwingine.

Hiyo `st` ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayowatesa wanaokodi VPS za bei ya chini. Ikiwa inakaa asilimia 10 au 15 jioni, wakati wateja wote wa mwenyeji wako, yaani kampuni inayokukodishia VPS, wanatumia mashine zao, unaweza kupunguza kila kitu kilichomo kwenye seva na bado ikaganda. Iandike namba hiyo pamoja na saa kwa siku kadhaa, kisha mpelekee mwenyeji ukiomba uhamishiwe kwenye mashine nyingine. Akikataa, hama. Hakuna faili la mipangilio litakalokurudishia muda aliopewa jirani.

Kuhusu zile namba tatu za wastani wa mzigo, yaani dakika 1, 5 na 15: zilinganishe na jibu la amri `nproc`. Na kumbuka kwamba Linux huhesabu humo hata kazi zilizokwama zikisubiri diski. Mzigo wa 6 kwenye viini vinne, huku `us` ikiwa ndogo na `wa` ikiwa kubwa, maana yake diski imelemewa.

Baada ya hapo ingia ndani ya Java yenyewe. Kama una Java moja tu inayofanya kazi:

`top -H -p $(pgrep -x java)`

Utaona nyuzi za kazi, kila moja kwa jina lake:

- Server thread karibu na 100: dunia ya mchezo imelemea uzi mkuu. Ndiyo hali ya kawaida zaidi.
- GC Thread zikipanda kila mara: Java inahangaika kusafisha RAM.
- C2 CompilerThre: Java inajinoa baada ya kuwashwa. Dakika za mwanzo ni kawaida, iache.
- Netty juu wakati wachezaji ni wachache: kuna msongamano wa miunganisho, pengine ya roboti.

## Kwa nini viini vinane havisaidii

Sehemu kubwa ya kazi ya dunia ya Minecraft hufanywa na ule uzi mkuu mmoja, na uzi mmoja hukaa kwenye kiini kimoja kwa wakati mmoja. Ukimnunulia fundi mmoja vyerehani vinane, gauni moja haliishi mapema. Viini vya ziada husaidia kuzalisha ramani, kusafisha RAM na kuhudumia mtandao, lakini tiki yenyewe inabaki na kiini chake kimoja.

Kuna Folia, toleo la watengenezaji wa Paper linalogawa dunia katika maeneo yanayoendeshwa na nyuzi tofauti. Linafaa seva kubwa ambayo wachezaji wake wametawanyika mbali, na programu-jalizi nyingi hazifanyi kazi humo. Ukiwa na wachezaji 20 wanaoishi kijiji kimoja, halikufai.

## Mtafute mlaji kabla ya kukata

Usianze kupunguza namba kwa kubahatisha. Tumia spark, ambayo kuanzia Paper 1.21 huja ndani yake. Kwa matoleo ya nyuma iweke kama programu-jalizi. Subiri saa ya msongamano, kisha:

`/spark profiler start --timeout 600`

Baada ya dakika kumi itakupa kiungo. Kifungue, panua "Server thread", na usome asilimia. Kuna sehemu inayopanga mzigo kwa programu-jalizi, na hapo mara nyingi jina moja linajitokeza peke yake. Kama tatizo ni mishtuko ya ghafla, seva inakwenda vizuri kisha inaganda sekunde mbili, ongeza `--only-ticks-over 100` ili ipime tiki mbovu tu.

Hifadhi kiungo hicho. Kila badiliko utakalofanya, pima tena saa ile ile ya siku. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha sita kwa mpigo, hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu shamba la mtu.

## Mipangilio miwili yenye uzito kuliko mingine yote

Ramani ya Minecraft imegawanywa katika chanki, vipande vya bloku 16 kwa 16. Fungua `server.properties` utazame `view-distance` na `simulation-distance`. Zote mbili huja zikiwa 10. Ya kwanza huamua mchezaji anaona mbali kiasi gani. Ya pili huamua dunia inaishi mbali kiasi gani kumzunguka: viumbe kutembea, mazao kukua, mitambo kufanya kazi.

Hesabu ni rahisi, na ndiyo inayowashangaza wengi. Umbali wa 10 ni chanki 21 kwa 21, yaani 441 kwa kila mchezaji. Ukishusha hadi 5 ni 11 kwa 11, yaani 121. Mzigo umeshuka hadi karibu robo kwa kubadilisha namba moja.

Mapendekezo yangu ya kuanzia kwa VPS ya kawaida:

- `simulation-distance=5`
- `view-distance=8`

"Wachezaji watalalamika hawaoni mbali." Ndiyo maana nimeziweka tofauti. Wataona chanki nane mbele yao, ila zile za mwisho zitakuwa mandhari tu. Watakaohisi mabadiliko ni wenye mashamba ya kujiendesha waliozoea kusimama mbali nayo. Waambie mapema, wasogee karibu.

## Viumbe, hopa na redstone

Andika `/paper entity list`. Utapata orodha ya viumbe kwa aina; ukitaja aina moja, utaona pia chanki walikorundikana. Kwa kawaida jibu liko hapo: kuku mamia kwenye shimo moja, au wanakijiji waliofungiwa kwenye vyumba vidogo, kila mmoja akitafuta njia ya kufika kwenye kitanda ambacho hawezi kukifikia. Kutafuta njia ni kazi nzito kwa prosesa.

Zungumza na mwenye shamba kabla ya kufuta chochote. Mtoto aliyejenga mwezi mzima akikuta kazi yake imetoweka, harudi, na rafiki zake humfuata. Mpe kiwango: wanakijiji kadhaa, kuku kadhaa, apunguze mwenyewe.

Baada ya mazungumzo, haya husaidia:

1. Katika `bukkit.yml`, chini ya `spawn-limits`, `monsters` huja ikiwa 70. Jaribu 40. Usiku utabaki na hatari yake.
2. Katika `config/paper-world-defaults.yml`, shusha `max-entity-collisions` kutoka 8 hadi 2. Mifugo iliyobanana itaacha kusukumana kwa gharama yako.
3. Humo humo, chini ya `misc`, weka `redstone-implementation: ALTERNATE_CURRENT`. Vumbi la redstone litahesabiwa kwa njia nyepesi zaidi. Jaribu kwanza kwenye nakala ya dunia, kwa sababu mitambo michache inayotegemea tabia ya asili inaweza kubadilika.
4. Washa `alt-item-despawn-rate` kwa takataka kama mawe ya kawaida. Kitu kilichoanguka hukaa tiki 6000, yaani dakika tano. Mawe yanaweza kutoweka baada ya tiki 300, sekunde 15, na hakuna atakayeyalilia.
5. Hopa zilizo wazi juu hutafuta kila mara vitu vilivyoanguka juu yake. Wafundishe wachezaji kuweka pipa la mboji juu ya hopa isiyohitaji kuokota kitu. Ni ujanja mdogo wenye faida kubwa kwenye maghala marefu.

Tahadhari moja: `tick-inactive-villagers` ndani ya `spigot.yml` inaweza kuzimwa, na mzigo utashuka, lakini mashamba ya chuma yanaweza kuacha kuzalisha. Ukiizima, tangaza.

## Ramani izalishwe usiku, si wakati wa mchezo

Mchezaji anayeruka kwa mabawa ya elitra kuelekea pasipofika mtu hulazimisha seva kuumba dunia mbele yake. Wakiwa watatu wanaoruka pande tofauti, prosesa inapiga magoti.

Weka mpaka wa dunia, kisha zalisha kila kitu mapema kwa programu-jalizi ya Chunky:

- `/worldborder set 10000`
- `/chunky radius 5000`
- `/chunky start`

Eneo hilo ni chanki 625 kwa 625, zaidi ya 390,000. Itachukua saa nyingi na gigabaiti kadhaa za diski, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo na uianzishe watu wamelala. Ikifika asubuhi haijaisha, `/chunky pause`, na usiku `/chunky continue`. Kwa seva nyingi hili peke yake huondoa mishtuko mibaya kuliko yote, nami ningelifanya hata kabla ya kugusa mipangilio ya viumbe.

## RAM: ikiwa ndogo, prosesa ndiyo inayolipa

Java ikikosa nafasi husafisha RAM bila kupumzika, na usafi huo unatumia prosesa. Ndizo zile `GC Thread` ulizoziona. Lakini kuipa RAM yote ya mashine ni kosa la upande wa pili: Linux itaanza kutupa vitu kwenye swap, na hapo seva itaganda vibaya zaidi.

Kwenye mashine ya GB 8, GB 6 za Java zinatosha. Anzisha hivi:

`java -Xms6G -Xmx6G -XX:+UseG1GC -XX:+ParallelRefProcEnabled -XX:MaxGCPauseMillis=200 -XX:+DisableExplicitGC -XX:+AlwaysPreTouch -jar paper.jar nogui`

`Xms` na `Xmx` ziwe sawa. Usikusanye bendera zaidi kutoka kila mahali bila kujua kazi yake.

## Kazi za pembeni zinazokula zamu ya mchezo

Kama seva huganda kila siku saa ile ile, fungua `crontab -l` kabla ya kulaumu mchezo. Mara nyingi ni nakala rudufu inayobanwa kwa nguvu zote za prosesa. Ifanye iwe mpole:

`nice -n 19 ionice -c 3 tar --zstd -cf /backup/dunia.tar.zst world`

Kwanza tuma `save-off` na `save-all flush` kwenye konsoli, na baada ya nakala kuisha `save-on`. Ukisahau hiyo ya mwisho, dunia haitahifadhiwa yenyewe tena, na siku mashine ikizimika ghafla utapoteza kazi za watu.

Ramani za wavuti kama Dynmap na BlueMap nazo hula sana zinapochora dunia nzima. Chora usiku. Kama hakuna anayezitazama, ziondoe.

## Ukikuta programu usiyoijua

Kuna nyakati `top` inaonyesha Java ikiwa na asilimia 30 tu, huku programu yenye jina geni ikimeza viini vyote. Mfano unaojulikana ni `kdevtmpfsi`, jina lililoundwa lifanane na kazi halali ya Linux. Ni mchimbaji wa sarafu za kidijitali aliyeingizwa na mwizi.

Hili si jambo la kufikirika kwenye Minecraft. Desemba 2021 udhaifu wa Log4j, uliosajiliwa kama CVE-2021-44228, uliruhusu mtu kuendesha programu kwenye seva kwa kuandika ujumbe tu kwenye gumzo. Toleo la 1.18.1 lilitolewa kuuziba. Ikiwa bado unaendesha toleo la zamani lisilozibwa, simama hapa, lisasishe kwanza.

Kuua programu hiyo kwa `kill` hakutoshi, hurudi kupitia cron. Fanya hivi:

- Toa folda ya dunia na mipangilio yako tu. Faili za `.jar` ziache, utazipakua upya.
- Futa mashine yote, weka Linux upya.
- Badilisha nywila na funguo za SSH.
- Endesha Minecraft kwa mtumiaji wa kawaida, kamwe isiwe `root`.

## Makosa yanayojirudia

- Kuwekea Java kikomo kwa `CPUQuota` au `cpulimit` ili namba ishuke. Namba itashuka pamoja na TPS. Wenye Pterodactyl waangalie: kikomo cha 100 pale ni kiini kimoja kwa kila kitu, hata usafi wa RAM. Weka 0 kama mashine ni yako peke yako.
- Programu-jalizi za "kuondoa lagi" zinazofuta vitu kila dakika chache. Huficha dalili na kufuta mali za watu.
- Kuwasha upya kila saa mbili. Ukihitaji hivyo, kuna programu-jalizi inayovuja RAM. Itafute kwa spark.
- Kuipa Java kipaumbele cha wakati halisi kwa `chrt`. Uzi ukikwama, hata SSH inaweza kukunyima mlango.

## Kwa wenye Counter-Strike 1.6

Kwenu kisababishi kikuu ni mipangilio ya kunakili: `sys_ticrate 1000` na `-pingboost 3`. Hizo hulazimisha seva kuzunguka mara nyingi sana kila sekunde hata ikiwa tupu. Rudisha `sys_ticrate` karibu na 100, ondoa `-pingboost`, washa upya, kisha waache watu wacheze bila kuwaambia. Kwenye VPS ya kawaida prosesa itashuka mara moja. Punguza pia roboti: kila mmoja anafikiri kwa prosesa yako.

## Lini ununue

Nunua pale `/mspt` inapobaki juu ya 50 saa za msongamano, `st` iko karibu na sifuri, ramani imezalishwa, umbali umepunguzwa, na spark haionyeshi jina moja linalojitokeza. Hapo prosesa yako kweli imefika mwisho.

Unachonunua ni kasi ya kiini kimoja. Xeon E5-2680 v4 ina viini 14 vyenye kasi ya msingi ya GHz 2.4; Ryzen 9 7950X hufika GHz 5.7 kwenye kiini kimoja. Kwa Minecraft, viini viwili vya hiyo ya pili ni bora kuliko vinane vya ile ya kwanza. Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, muulize mwenyeji maswali mawili kwa maandishi: prosesa ni modeli gani hasa, na viini nitakavyopewa ni vyangu peke yangu au vya kushirikiana? Akijibu "viini vinane vyenye nguvu" bila kutaja modeli, usilipe.